Jibu Moja la WhatsApp Lililokula Injini ya Baba Mdogo

Wacha nianze na ukweli: mwaka jana niliwadanganya. Wale mlioniuliza mbona siposti picha za Barbados, niliwaambia safari imeahirishwa. Haikuahirishwa. Nilizuiwa kupanda ndege pale JKIA, nikiwa na tiketi, pasipoti safi, na begi lenye omena ambayo Dani aliifunga kwa karatasi tatu ili isinuke.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda mafunzo ya wiki mbili ya vijana wanaotoka jamii za wavuvi. Malazi na chakula vililipwa. Nauli ilikuwa juu yangu: shilingi 210,000. Kwetu Rusinga pesa kama hiyo haitoki mfuko mmoja. Mimi nilikuwa na 45,000 za kushuti video za harusi. Chama cha mama kikatoa 45,000. Baba mdogo akauza injini ya boti yake kwa 120,000, akasema atapiga kasia mpaka mambo yakae sawa.

Na mjue, kisiwa chetu na ndege tuna historia. Tom Mboya amezikwa hapa. Ukiwa shule ya msingi lazima upelekwe kuona kaburi lake, na mwalimu awasimulie ile ndege ya Septemba 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Kwa hivyo mtu wa Rusinga akipanda ndege, ni kama kijiji kizima kimepanda. Akirudishwa, pia kijiji kizima kimerudishwa.

Mkenya haombi viza ya kwenda kutembea Barbados. Shida ilikuwa njia: Nairobi, London, halafu Barbados. Kabla sijalipa, niliuliza shirika la ndege kwa namba yao rasmi ya WhatsApp. Niliandika hivi: "Mimi ni Mkenya, sina viza ya Uingereza. Nitakaa London saa tano tu nikingoja ndege nyingine. Nahitaji viza ya kupita?"

Jibu lilikuja baada ya dakika nne: "Hapana. Kwa kuwa hutatoka nje ya uwanja, huhitaji viza." Na kaemoji ka ndege. Nikalipa.

Siku ya safari, dada wa kaunta akaangalia pasipoti yangu, akaangalia kompyuta, akaangalia pasipoti tena. "Samahani kaka, viza yako ya kupita London iko wapi?" Nikamwonyesha ile meseji. Akaisoma, akanihurumia kwa macho, lakini mkono wake ukanirudishia pasipoti.

Kumbe ukweli ni huu. Kenya iko kwenye orodha ya nchi ambazo watu wao wanahitaji viza ya kupita Uingereza hata kama hawatoki ndani ya uwanja. Kuna watu wanaoruhusiwa bila hiyo, kwa mfano mwenye viza halali ya Marekani au Kanada. Mimi sikuwa nayo. Wakati huo bei ya hiyo viza haikufika pauni 40. Ningeambiwa mapema, ningeomba.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye komenti, "Si ungegoogle tu?" Sawa, ni kweli. Serikali ya Uingereza imeweka hayo mambo kwenye tovuti yake na sikuangalia. Hilo kosa ni langu na nimelikubali. Lakini ebu fikiria hivi. Mashirika mengi ya ndege hutumia mfumo wa IATA unaoitwa Timatic, unaoonyesha ni hati gani abiria wa nchi fulani anahitaji. Na Uingereza inaweza kulitoza shirika pauni 2,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila hati zinazotakiwa. Ndiyo maana kaunta haicheki na mtu. Kwa hivyo pesa ikiwa inaweza kutoka kwao, wanaangalia mara mbili. Ikiwa inatoka kwangu, wanajibu kwa dakika nne na emoji. Hapo ndipo nilikasirika.

Nikaandika malalamiko. Jibu la kwanza: "Tunasikitika kwa usumbufu," na vocha ya kupunguziwa asilimia 10 kwa safari ijayo. Safari ijayo na injini ya nani? Jibu la pili: tiketi hairudishwi pesa, na masharti yanasema abiria ndiye anayewajibika kwa hati zake mwenyewe. Nikaona nimeisha.

Aliyeniamsha ni rafiki yangu anayesomea sheria Kisumu. Aliniambia nifungue Katiba, kifungu cha 46. Kinasema mtumiaji ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu huduma ilikuwa na kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayokataza kumpa mteja maelezo ya uongo au ya kumpotosha. Halafu kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Tukaandika barua ya kudai. Tuliambatanisha skrinishoti yenye tarehe na saa, tiketi, meseji ya M-Pesa ya malipo, na maelezo ya kilichotokea kaunta. Tukawapa siku 14, tukasema baada ya hapo ni mahakamani.

Siku ya 12 wakapiga simu: watarudisha nusu. Aki nilitaka kukubali. Nilikuwa nimechoka, na pale soko la Mbita nilikuwa nimeshapata jina, "yule wa kurudishwa airport". Nikaenda ufuoni kumuuliza baba mdogo, kwa sababu pesa nyingi ilikuwa yake. Alikuwa anashona wavu. Hakuinua kichwa. "Wakikupa nusu na ukapokea, ina maana nusu ya uongo ni wako. Je, ni wako?"

Nikakataa. Nikawaambia nataka pesa yote, na sentensi moja kwa maandishi inayosema nani alikosea.

Tangu ile siku ya JKIA mpaka pesa kuingia ilikuwa miezi mitano. Miezi mitano ya baba mdogo kupiga kasia alfajiri, akifika kwenye samaki wenye injini wakiwa wameshamaliza. Mwishowe 210,000 ikarudi yote, bila mahakama. Na barua ikaja, na ndani yake: "Tunakubali kwamba taarifa uliyopewa haikuwa sahihi."

Kwa hivyo wasee, kama mnasafiri, soma mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayopitia. Halafu ukiuliza shirika, uliza kwa maandishi. Ukiambiwa kwa simu, tuma barua pepe mara moja: "Leo saa fulani mmeniambia hivi, thibitisheni." Mimi ningekuwa nimeambiwa kwa mdomo, hakuna mtu angeniamini. Hata mama.

Nilienda nyumbani na ile barua nikamsomea Dani, nikimtafsiria kwa Kijaluo. Baba mdogo akaiomba, akaikunja, akaiweka pamoja na risiti ya injini mpya. Dani alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Nyathina, na ile safari, wataleta lini?"

Sikuwa na jibu. Mafunzo yalishaisha zamani, na kiti changu nadhani kilikaa tupu. Nilimwambia tu kwamba omena yake ilikuwa tamu, niliikula Nairobi peke yangu.