Ukienda Grogan Kununua Rimu

Ukiteremka kutoka River Road kuelekea mtoni, pua itakuambia umefika kabla ya macho. Harufu ya oili kuukuu na raba iliyoungua inakupokea, na papo hapo vijana watatu wanne wanakuzunguka: "Gari gani, mzee? La mwaka gani?" Hapo, msomaji, uko katika Barabara ya Kirinyaga, ingawa wenyeji wengi wa Nairobi hawaiiti hivyo. Kwao ni Grogan tu, jina la Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyesifika kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo iliyomalizika mwaka 1900. Mzee huyo alifariki mwaka 1967, jina la barabara likabadilishwa, lakini ukimtajia dereva jina hilo leo hawazii mlowezi. Anawaza vipuri.

Mimi nilifika huko Jumamosi moja mwaka 2023 nikiwa na binti yangu, na hatukwenda kutalii. Binti huyu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa ameachiwa na mama yake Toyota Vitz, gari dogo ambalo bila shaka unalo wewe au jirani yako. Vile vifuniko vya plastiki vya magurudumu vilimtia aibu mbele ya wenzake. Akaweka akiba muhula mzima, akanunua rimu nne za aloi, nyeusi za kung'aa, kwa muuzaji mmoja mtaani kwetu. "Vitz ina bolti nne, rimu ina matundu manne. Zitaingia," aliambiwa. Na kweli zikaingia.

Wiki ya pili, katika Barabara Kuu ya Thika, kila mshale ulipokaribia kilomita 80 kwa saa usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake. Jioni nilichuchumaa kando ya gari, nikashika nati za gurudumu la mbele. Mbili zilizunguka kwa vidole vyangu vitupu. Mdogo wake alikuwa amepanda gari hilo kwenda shule asubuhi ile ile.

Fundi tuliyempata Grogan hakuitazama sura ya rimu hata kidogo. Aliigeuza, akasugua matope mgongoni kwa kidole gumba. Nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo, maana habari zote za rimu ziko mgongoni. Ukiona 15x6J, ujue kipenyo chake ni inchi 15 na upana inchi 6. Ukiona 4x100, ujue matundu ni manne na yamepangwa kwenye duara la milimita 100. Herufi JWL ni alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi.

Sasa sikiliza mtego ulipo. Vitz, Honda Fit, Mazda Demio na Nissan March za miaka ya 2000 zote ni 4x100. Lakini tazama lile tundu kubwa la katikati, linalokaa juu ya habu. La Vitz na Demio ni milimita 54.1, la Fit ni 56.1, na la March 60.1. Rimu za binti yangu zilikuwa zimevuliwa kutoka Honda. Zilicheza juu ya habu kwa milimita moja kila upande, ndiyo sababu ya mtetemo. Mwanya huo unaweza kuzibwa kwa pete maalumu. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye nati. Kikalio cha nati katika rimu asili za Honda ni cha mviringo kama kikombe, ilhali nati zetu zilikuwa na ncha ya pia. Zilikuwa zimegusana kwa mstari mwembamba tu, na hapo hakuna spana itakayokusaidia. Za Nissan nazo hata usijaribu kuziazima, meno yake ni tofauti na ya Toyota.

Binti akageukia rimu za inchi 16. Fundi akacheka. Tairi asili za Vitz yetu ni 165/70 R14, yaani ubavu wa tairi una kimo cha kama milimita 116. Ukipanda hadi 16 ukavaa 195/45, ubavu unabaki milimita 88. Karibu sentimita tatu za raba zimekwenda, na hizo ndizo zilizokuwa zikikukinga na mashimo ya jiji hili. Rimu ya chuma ikipigwa na shimo hupinda, ukainyoosha kwa nyundo. Ya aloi hupasuka. Kwa maoni yangu inchi 14 zinatosha, 15 zenye tairi 185/55 ni za ujana, na 16 ni za kuegesha nje ya harusi.

Kagua pia upande wa ndani kama kuna alama ya kuchomelewa. Rimu ya aloi iliyochomelewa si ya kubebea watoto, hata ikipakwa rangi ya namna gani. Tairi ikiwa tayari imevalishwa, tafuta tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nawe dai risiti, kwa sababu Nairobi kuna mzaha wa zamani kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni unaweza kwenda kukinunua tena.

Tuliondoka na rimu asili za Toyota, inchi 14, za kijivu. Fundi alizipima kwenye mashine ya kusawazisha, akakaza nati kwa kuvuka, hii kisha ile inayoikabili, hadi spana ya kipimo ilipolia kwenye 103. Akatuambia tuzikaze tena baada ya kilomita 100.

Binti alinuna hadi Roysambu. Hapo mshale ulipita 80, usukani ukatulia kimya. Akaondoa mkono mmoja, akaurudisha haraka aliponiona.

"Baba, hizi zinaweza kupakwa rangi nyeusi?"

Nilimwambia rangi ni juu yake.