Kibatari

Jumanne, 10 Juni. Pangani

Kesho usiku tunapiga filamu, sehemu ya jikoni. Muongozaji anataka taa kubwa dirishani, eti Bibi aonekane vizuri. Nimembishia. Nyumba ile kwenye hadithi haina umeme, mwanga utoke wapi? Kibatari kinatosha. Lenzi ya milimita 50, nifungue hadi f/1.4, kitambaa cheupe nje ya fremu kirudishe mwanga kidogo shavuni. Hajakubali. Hajakataa.

Jumatano, usiku wa manane

Imetoka! Ngozi ya Bibi inang'aa mwanga unapoigusa, pembeni giza tupu, na macho bado unayaona. Nilimwomba dada wa vipodozi aache poda, ampake mafuta ya nazi. Poda inaifanya ngozi nyeusi kuwa ya kijivu, sipendi kabisa. Kijana wa fokasi jasho linamtoka: kwa f/1.4, Bibi akiinama kupuliza moto, jicho limeshapotea. Teki ya pili akalishika. Muongozaji kaangalia monita, kanishika bega, kaondoka. Usingizi hauji.

Ijumaa, 13 Juni

Zahanati. Taa za tyubu zinapepesa kwenye monita. Shata iko 1/60, na umeme wetu ni wa hezi 50. Nimeirudisha 1/50, zikatulia.

Mama kapiga. "Mwanangu, hiyo kazi wanalipa lini?" Mwisho wa mwezi, nikamjibu. Moyo ukanienda mbio. Kuna harusi Dar, Jumamosi ijayo, nusu ya hela mkononi kabla. Harusi sizidharau, ndizo zilizoninunulia lenzi hii. Lakini Jumamosi hiyo hiyo tunapiga kivuko, jua likizama juu ya mto. Na jua la huku halisubiri mtu.

Jumapili

Nimeiangalia tena Supa Modo. 2018, kamera kashika Enos Olik. Kijiji kizima kinamtengenezea mtoto mgonjwa filamu yake. Uso wa yule mtoto, Mungu wangu. Nataka kufika hapo.

Muongozaji anaiota ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe. Skrini ya uwanjani, taa za mji ng'ambo ya ukuta. Giza langu la jikoni litasimama pale? Nimkumbushe mtu wa kurekebisha rangi asiliinue. Asiliguse.

Jumatatu

Nimewapigia wa harusi. Nimewapa namba ya rafiki yangu, mkono wake mzuri, na hiyo hela anaihitaji. Kivuko napiga mimi. Mama bado sijamwambia.