Malaika Hakumkemea Eliya

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunakutana na nabii aliyechoka kuishi. Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, na watu wote wameshuhudia moto ukishuka. Mara baada ya hapo anakimbilia jangwani kwa kumhofu malkia Yezebeli. Anaketi peke yake chini ya mti na kumwomba Mungu autwae uhai wake. Kisha analala.

Kila mwaka ninalisoma somo hili na wanafunzi wa katekesi, na kila mwaka, kabla hatujafungua Biblia, ninawauliza: malaika aliyetumwa kwake alimwambia nini? Wengi hujibu kwamba alimkemea kwa kukosa imani. Wengine husema alimwamuru afunge na kusali zaidi. Tukifungua kitabu wanastaajabu. Malaika alimgusa, akamwambia aamke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, pamoja na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, akikiri kwamba safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Maneno mazito ya Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu, Eliya alipokuwa amekwisha kupata usingizi, chakula na nguvu ya kutembea.

Ninawaandikia kwa ajili ya wenzenu walioketi leo chini ya mti ule. Wamo katika kwaya zetu, wamo katika Xaveri na Kiro, wamo katika madarasa ya kipaimara. Mara nyingi tunawapa hotuba kabla ya mkate.

Mimi ni katekista katika kata ya Mulongwe, na kazi niliyosomea ni ualimu. Katika masomo yale nilifundishwa jambo moja ambalo halijanitoka: mtoto asiyejifunza usimwite mvivu kabla hujajua alilala wapi na alikula nini. Nilipoanza kufundisha dini niliona kwamba kanuni hiyo inafaa pia kanisani. Kijana asiyesali, asiyeimba, anayefika amechelewa na kuketi nyuma kabisa, huenda hana dharau yoyote. Huenda amebeba kitu ambacho hajapata mtu wa kukipokea.

Ninyi mnajua mji wetu umebeba nini. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa, na mito inayoteremka kutoka juu hupita katikati ya nyumba zetu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaleta matope na mawe makubwa. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Wakati ule shule na makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya Korona, hivyo hata mahali petu pa kulilia pamoja palikuwa na kufuli. Mwaka uliofuata maji ya ziwa nayo yalikuwa yamepanda na kuingia katika nyumba za pwani. Mwaka 2025 vita viliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka kwenda Burundi, na wengi kati yao walikuwa watoto na vijana. Mtu mzima aliyepitia hayo yote hukosa usingizi. Kwa nini tushangae kijana wa miaka 15 akiukosa?

Makanisa yalipofunguliwa tena, katika darasa langu la kipaimara alikuwamo kijana mmoja mwerevu sana. Mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya milima, aliacha kuandika. Mvua ilipoanza kupiga mabati alisimama na kutoka bila kuomba ruhusa, hata kama tulikuwa katikati ya sala. Wenzake walimcheka. Mmoja aliniambia, “Mwalimu, huyu ana pepo wa mvua.” Nilimfuata nje, nikamkuta amesimama chini ya paa la ukumbi akiutazama mto. Sikumwuliza neno. Nilisimama karibu naye hadi mvua ilipopungua. Safari ya tatu ndipo aliposema, akiwa bado anatazama mbele: “Mwalimu, mama bado analala na viatu miguuni. Nami silali, ninasikiliza mawe.”

Tangu siku ile tulifanya mambo mawili madogo. Tulimpa kiti cha mlangoni, ili ajue kwamba njia iko wazi. Tukakubaliana pia kwamba mvua kubwa ikinyesha tutasimamisha somo, tuimbe. Muda si mrefu tuligundua kwamba waliohitaji wimbo ule walikuwa zaidi ya mmoja. Wale waliokuwa wakimcheka walikuwa wakiificha hofu yao wenyewe.

Hapa kwetu tunasema, “Yule ana mawazo mengi.” Msemo huu una hekima, kwa maana unatambua kwamba mawazo yanaweza kuwa mzigo, kama gunia la mkaa mgongoni. Huko Zimbabwe, Washona nao wana neno lao kwa ugonjwa wa kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye mawazo mengi, kumwuliza maswali ya maana, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Kazi hiyo ikaitwa Benchi la Urafiki. Ilipochunguzwa kwa utaratibu wa kisayansi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, ilionekana kwamba walioketi na nyanya wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida peke yake. Nyanya wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na subira, walifundishwa, na walijua ni wakati gani wampeleke mgonjwa kwa daktari.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabu wanakikundi wenu. Kama mko 35, huenda watano wanapambana na jambo hili, na yawezekana hamjui hata mmoja wao. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini tuwe waadilifu. Mtu hufichua maradhi yake pale tu asipoogopa kuchekwa.

Hapo ndipo tunapofikia jambo gumu. Mara nyingi kijana anapoanza kujitenga, kuzungumza peke yake, au kulia bila sababu inayoonekana, tunakimbilia kusema ni ulozi au mapepo. Miaka kadhaa iliyopita kiongozi wa kikundi kimoja cha vijana alinijia akiwa na wasiwasi. Binti mmoja wa kwaya alikuwa ameacha kula na kuoga, na alisema anasikia sauti zikimtukana. Kikundi kilikuwa kimepanga kumfungia katika chumba cha maombi kwa siku tatu, bila chakula.

Nilimwambia, “Mwanangu, huyo binti amekwisha kufunga majuma mawili. Mnataka kumwongezea siku tatu?”

Akainamisha kichwa. Kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake: “Mwalimu, tukimpeleka hospitalini, si tutakuwa tumeonyesha kwamba hatuna imani?”

Swali lake lilikuwa la kweli, na sikutaka kulipuuza. Tulifungua Yoshua bin Sira, sura ya 38. Pale mgonjwa anaambiwa asali kwa Bwana, ausafishe moyo wake, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa maana tabibu naye ameumbwa na Mungu, na dawa zimetoka katika ardhi ya Mungu. Tazameni kwamba Maandiko hayamwambii achague kimoja. Sala ina mahali pake, na tabibu ana mahali pake. Kanisa lenyewe limepokea wito huo. Mabradha wa Upendo wanaendesha kituo cha SOSAME mjini Bukavu kwa wagonjwa wa akili, na ng’ambo ya ziwa wana kituo cha Kamenge mjini Bujumbura. Watawa hao wanasali kila siku, na kila siku wanatoa dawa.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa binti. Tulisali pamoja naye kwa sauti ya chini, muda usiozidi robo saa. Mama yake mdogo akampikia uji, naye akanywa kidogo. Kesho yake asubuhi, mama mdogo na wasichana wawili wa kwaya walimsindikiza kwenye kituo cha afya, na kutoka pale akaelekezwa mahali penye mtaalamu. Sitawadanganya kwamba alipona kwa juma moja. Alikunywa dawa kwa miezi mingi. Kuna siku alizozikataa, na kuna majirani wanaonong’ona hadi leo. Lakini alirudi kwenye kwaya. Mwanzoni aliimba akiwa ameketi, kwa sababu dawa zilimlegeza, na wasichana wa mstari wake wakaamua wote waimbe wakiwa wameketi.

Mjue pia kwamba kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi ni kosa la jinai nchini mwetu. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayowalinda watoto, inalikataza, na Katiba yetu, katika ibara ya 41, inalikataza vilevile. Kikundi cha vijana Wakristo hakiwezi kuwa mahali ambapo shtaka kama hilo linabarikiwa.

Lipo jambo jingine tunaloogopa hata kulitaja, nalo ni pale mwenzetu anaposema anataka kufa. Wengine humjibu mara moja kwamba atakwenda motoni. Maneno hayo humfunga mdomo, lakini hayamwondolei maumivu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu na kwamba hatuna ruhusa ya kuukatisha. Lakini papo hapo, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba ugonjwa mzito wa nafsi, uchungu mkali au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa wale waliojiua. Kanisa linawaombea. Familia yenye msiba wa namna hiyo inapaswa kutuona tukiingia mlangoni kama katika msiba mwingine wowote.

Basi tufanye nini? Nitasema kama mwalimu, kwa utaratibu.

Kwanza, tazameni. Aliyekuwa mchangamfu akanyamaza majuma mawili, aliyeacha mchezo alioupenda, asiyelala, anayegawa vitu vyake vya thamani, anayesema kwamba bila yeye nyumbani wangepumzika: huyo msimwache apite.

Pili, ketini naye mahali pa utulivu na mwulize waziwazi. Kama mnahofia kwamba anataka kujidhuru, mwulizeni neno hilo hilo, kwa upole. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamfungulia pumzi. Akisema, msimkatize kwa ushuhuda wenu. Marafiki wa Ayubu walimfaa kwa siku saba walizoketi naye kimya chini. Walianza kumwumiza walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake.

Tatu, tunzeni siri, lakini msiape kuficha hatari. Mambo yake yasigeuke habari ya kisimani wala nia ya sala inayotajwa kwa jina mbele ya shirika zima. Lakini uhai ukiwa hatarini, mwambieni hivi: “Nakupenda mno kuliko kunyamaza.” Kisha tafuteni mtu mzima mwaminifu usiku huohuo, awe mzazi, padre, mtawa, mwalimu au mwuguzi. Asiachwe peke yake, na vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe karibu naye.

Nne, msindikizeni. Usimwambie tu “nenda hospitalini.” Nenda naye, subiri naye kwenye foleni, na juma linalofuata umwulize kama dawa bado zipo. Wengi huziacha kwa kukosa nauli kabla ya kukosa imani. Shirika linalochanga kwa ajili ya minervali ya yatima linaweza kuchanga pia kwa ajili ya nauli hiyo.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, tuliwaona Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert wakitangazwa wenyeheri. Waliuawa huko Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Wengine huwatumia mashahidi hao kuwaambia vijana wavumilie na kunyamaza. Mimi naona somo lingine. Watu wale walikataa kuwaacha wenzao wakati wa hatari. Ushujaa wao ulikuwa wa kubaki na watu, na ushujaa huo kila kikundi cha vijana kinaweza kuuiga bila kumwaga damu.

Kule Horebu Eliya alilalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu kwamba wako wengine elfu saba, kisha akampa Elisha awe mwenzake wa njia. Kijana mwenye mawazo mengi huamini kwamba yuko peke yake. Ni vigumu kumtoa katika imani hiyo kwa maneno. Anaamini vingine anapomwona Elisha wake akibisha hodi.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya kufungua mkutano wenu, tazameni viti vilivyo wazi. Taja majina ya waliokuwa wakivikalia. Kwa kila jina chagueni watu wawili, waende kumwona kabla ya Jumatano. Wasiende kumwuliza kwa nini hakuja. Wabebe kitu kidogo cha kula, waketi, na wawe na muda.