Ndoo Moja, Kazi Nne

Tulioingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2005 tulikuwa watoto wa kwanza wa Bodi ya Mikopo, na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, ndilo lililotupangia mwezi. Likitoka, foleni ya chipsi kuku haina mwisho. Likikata, watu wanarudi kwenye wali maharage, na wengine kwenye mkate na chai ya rangi. Mkate wenyewe uufiche vizuri, maana ngedere wa pale hawabishi hodi. Chumbani kwetu aliingia mmoja mchana kweupe kwa kupitia dirishani, akakaa kitandani, akala slesi moja baada ya nyingine huku anatukodolea macho kama sisi ndio wageni.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili na watu wanne. Wawili majina yao yalikuwa kwenye orodha, wawili tumewabeba. Kubebana kulikuwa na sheria zake: mbebwa analala upande wa ukutani, haleti wageni, na zamu ya kuchota maji inaanzia kwake.

Habari yenyewe ni hayo maji. Dar es Salaam ilitegemea sana Mto Ruvu, na miaka ile bomba la jiji liliweza kutoa hewa kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukishapandisha ndoo ya lita 20 mpaka ghorofa ya nne, huwezi kuyamwaga maji yake hivi hivi. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo nyeupe yalikuwa maji ya kwanza ya kufulia nguo za rangi. Yakishabadilika rangi, yanapigiwa deki. Yakitoka kwenye deki yanangoja chooni, ndani ya dumu lililokatwa shingo. Mwenzetu mmoja, mtu wa uhandisi, alioga kwa makopo sita ya Blue Band: matatu ya kujilowesha na kujisugua, matatu ya kujisuuza, na hakuna siku tuliyomsikia ananuka. Mfuko wa rambo nao haukutupwa. Ulioshwa, ukaanikwa kwenye kamba pamoja na soksi. Kama mtu angetuambia kwamba huko ni kutunza mazingira, tungemcheka.

Mwaka 2006 ukame ukapunguza maji ya bwawa la umeme la Mtera, na mgao wa umeme ukaanza. Hita za chai zikawa mapambo. Ndipo vimbweta, zile meza za zege chini ya miti, vikapata thamani yake. Tulisoma pale hadi jua linazama, watu wa sheria na watu wa uhandisi kwenye meza moja, tukibishana mambo ambayo hayakuwa kwenye mtihani wa mtu yeyote. Mimi mpaka leo naona elimu yangu kubwa niliipata hapo kuliko darasani, ingawa sikuutaka ule mgao na siutamani urudi.

Wazee waliotutangulia walikuwa na Mlimani nyingine kabisa. Chuo kilihamia kilimani mwaka 1964 kutoka mtaa wa Lumumba, na waliosoma miaka ya sabini wakianza kusimulia milo iliyolipiwa na serikali, sisi tuliokuja baada ya uchangiaji gharama tunanyamaza tu.

Kisha mpwa wangu akapata chumba hapo hapo Mlimani, katika hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Nilikwenda kumpelekea unga na dagaa. Bomba linatoka. Kwenye ekstensheni moja kumechomekwa jagi la umeme, pasi, feni, kompyuta mbili na simu sijui ngapi. Rambo zimekwisha tangu zilipopigwa marufuku Juni 2019, lakini chini ya kitanda zilijaa chupa tupu za maji. Nikaanza mahubiri yangu ya ndoo.

"Mjomba," akanikatisha, "nyinyi hamkuwa mnatunza mazingira. Mlikuwa mmefulia."

Na zile chupa, kumbe, hazikuwa takataka. Wasichana wa korido yao wanazikusanya, wanamuuzia mnunuzi wa chupa kwa kilo, hela inanunua sabuni ya deki. Jumamosi wanapanda miti na klabu yao. Wenzetu hawa hakuna anayewalazimisha. Wangeweza kulala, nami sidhani kama ningeamka. Hata hivyo, wakati ananieleza hayo alikuwa anaosha sahani mbili huku bomba liko wazi. Nikalifunga. Akalifungua, maana povu lilikuwa bado. Tukabishana pale pale kwenye sinki.

Mwenzake, aliyekuwa kimya muda wote na simu yake, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Sasa mjomba, mkipiga deki kwa maji ya sabuni ya nguo, sakafu haitelezi?"

Inateleza. Yule wa uhandisi alianguka mara kadhaa.