Unga, Mafuta na Kuni



Katika mikutano yetu ya kila juma kuna jambo ambalo haliandikwi kamwe katika orodha ya mazungumzo, lakini ndilo tunaloanza nalo kabla ya sala, na ndilo tunalomalizia nalo tukiwa tumesimama mlangoni. Jambo hilo ni bei. Mmoja anasema unga umepanda tena. Mwingine anasema makala. Wa tatu, anayekaa mbali, anahesabu nauli ya kuja na kurudi, kisha ananyamaza. Sisi vijana wa Lubumbashi tumeyazoea mazungumzo hayo kiasi kwamba hatuulizi tena ugumu huu unatoka wapi, wala unatufanyia nini. Tumeona vema tuyaulize maswali hayo mawili pamoja nanyi.

Tuanze na unga, maana nyumba isiyopika bukari husema haijala, hata kama imekula kitu kingine. Mahindi hupandwa mvua za kwanza zinaponyesha, kwenye mwezi wa 11, nayo huvunwa kuanzia mwezi wa 4. Lakini mashamba yanayouzunguka mji wetu hayatoshi kuulisha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mahindi na unga tunaokula imetoka Zambia na kupitia Kasumbalesa, mpakani, karibu kilomita 90 kutoka mjini. Aliyewahi kusafiri katika barabara ile ameyaona malori: yanayotoka yamebeba shaba, yanayoingia yamebeba chakula.

Ndiyo sababu ukame wa nchi nyingine huweza kuingia katika sufuria zetu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua zilikatika kule Zambia, mahindi yakakauka mashambani, na tarehe 29 Februari rais wa nchi ile akatangaza kwamba ukame huo ni janga la taifa. Nyumba yenye upungufu huwalisha watoto wake kwanza. Hatuwezi kuwalaumu majirani kwa hilo. Juu ya ukame kuna dola. Mfanyabiashara hununua ng'ambo kwa dola, naye hutuuzia sisi kwa franka. Franka ya Kongo ilipoanza kutumika mwaka 1998, dola 1 haikufika franka 2. Siku hizi inazidi franka 2,000. Juu ya dola kuna usafiri, ushuru na barabara zinazoharibika wakati wa mvua. Makala nayo yana safari yake: miti ya karibu na mji imekwisha kukatwa, wachomaji wanaingia mbali zaidi porini, na yule anayesukuma baiskeli yenye magunia marefu anadai malipo ya kilomita zake zote. Ni haki yake.

Tunayaeleza haya kwa sababu moja. Mtu mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu, naye humpata aliye karibu. Katika soko, aliye karibu ni yule mama anayepima unga kwa meka. Kibakuli chake hakijabadilika. Asubuhi amenunua mfuko kwa bei kubwa kuliko ya jana, naye anajua kwamba jioni atakaporudi nyumbani atapika kutoka mfuko huohuo. Mara nyingi mama huyo ni mama wa mmoja wetu. Tukijua bei inatoka wapi, ulimi wetu unapungua ukali mbele yake.

Wazee wetu hawashangai sana. Wengi wao walikulia katika kambi za Gécamines, wakati ambapo mfanyakazi alipokea posho ya unga pamoja na mshahara, na watoto walijua siku ya posho kama wanavyojua sikukuu. Kisha wakaona kampuni ikidhoofika na pesa ikiyeyuka. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, moja ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na hata hivyo mwaka uliofuata bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Baadaye, katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Tunapowauliza wazee walipitaje katika miaka ile, hawatupi hotuba. Wanataja mama aliyeanza kuuza mikate mbele ya nyumba. Wanataja kipande cha shamba kilicholimwa kwa miguu ya saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Wanataja jirani aliyekuja jioni na unga uliofunikwa kwa kitambaa, ili watoto wa mtaani wasijue unapelekwa wapi.

Wakongo tuna mzaha wetu wa zamani kuhusu kifungu cha 15 cha sheria, kifungu ambacho eti kinasema: jitafutieni. Mzaha huo umetufundisha ujasiri na ubunifu, wala hatuudharau. Lakini tukiwasikiliza wazee vizuri, tunatambua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejitafutia peke yake. Katika kila hadithi yao kuna mtu wa pili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali letu la pili. Ugumu wa maisha unatufanyia nini sisi tulio katika kikundi kimoja? Tumeona kwamba kabla haujapunguza chakula mezani, unapunguza watu katika kiti. Kijana hakosi mkutano kwa sababu amepoteza imani. Anakosa kwa sababu kuna mchango wa sikukuu, kuna kitambaa cha sare cha kununua, kuna nauli, na mfukoni mwake hamna kitu. Juma la kwanza anasema anaumwa. Juma la pili anasema ana kazi. Juma la tatu hasemi kitu. Mwenzetu mmoja, anayeuza vocha za simu kando ya barabara, alipotembelewa nyumbani kwake alitoa jibu lililotukaa moyoni. Alisema kwamba kulala bila kula amekwisha kuzoea. Asichoweza ni kusimama mbele ya wenzake jina lake linapotajwa katika orodha ya wasiolipa.

Katika kuyatafakari maneno hayo, tulimkumbuka mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Tumezoea kuhubiriwa juu ya muujiza wake, unga usiokwisha na mafuta yasiyopungua. Mara hii tulisimama mahali pengine katika habari hiyo. Nabii Eliya anapomwomba mkate, mjane hajifichi wala hatoi visingizio. Anahesabu mbele ya mgeni: konzi moja ya unga, mafuta kidogo katika chupa, vijiti viwili vya kuni, na baada ya hapo kifo. Unga, mafuta, kuni: ni orodha ileile ya soko letu. Tukaona kwamba muujiza ulianza baada ya hesabu kusemwa kwa sauti, na baada ya watu wawili wenye njaa kuijua.

Basi nasi tukajaribu kuhesabu kwa sauti. Jambo la kwanza lilikuwa kuondoa orodha ya majina. Mchango sasa unawekwa katika sanduku lililofunikwa, kila mmoja kwa uwezo wake, na asiye na kitu anapitisha mkono kama wengine. Sare ya sikukuu imeachwa; kitambaa chochote safi kinatosha. Jambo la pili lilikuwa kuanzisha likelemba ndogo yenye fedha ya dharura kando, ili mwenye mgonjwa asikimbilie mikopo ya riba ya mtaani, ambayo humeza mshahara kabla haujafika. Jambo la tatu lilikuwa kununua mahindi pamoja wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, na kuyapeleka kinuni kidogo kidogo hadi miezi ya njaa, yaani ya 12, ya 1 na ya 2.

Hatutaki mfikiri kwamba yote yalikwenda sawa. Fukusi waliingia katika gunia moja. Wawili kati yetu walihitaji fedha yao kabla ya wakati, wakarudishiwa, na ununuzi ukapungua. Wapo waliouliza, na ni swali la haki, kwa nini kikundi cha sala kishughulike na magunia. Lakini mwezi wa 1 ulipofika, mwezi ambao karo na njaa hukutana, kila nyumba iliyoshiriki ilikuwa na unga wa siku kadhaa ambao haukutegemea bei ya asubuhi ile. Ni kidogo. Hata hivyo mwenzetu wa vocha alikuwa miongoni mwa waliobeba magunia, na siku hizi ndiye mtunza hesabu, kwa kuwa hakuna kati yetu anayejua kuhesabu fedha ndogo kama yeye.

Inatupasa pia kusema ukweli mwingine, ili tusiubatize udhalimu kwa jina la uvumilivu. Sanduku la vijana haliwezi kutengeneza barabara, wala kuimarisha franka, wala kuwapa wakulima wa Katanga mbegu na njia ya kufikisha mazao mjini. Tangu mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi kuishi, na kwamba makubaliano yaliyotiwa sahihi kwa sababu ya shida hayaondoi deni hilo. Kijana akifanya kazi siku nzima kisha asiweze kununua meka ya unga, tatizo haliko katika bidii yake. Tunapohesabu pamoja, tunajifunza pia kuuliza pamoja, kwa heshima na bila woga, mbele ya wale wenye dhamana ya mji na ya nchi. Mtu anayeficha njaa yake hawezi kuuliza chochote.

Ndugu zetu wa parokia nyingine, huenda kwenu hakuna mahindi bali mihogo, au samaki, au ndizi, na njia yenu itakuwa tofauti na yetu. Tunawaomba jambo moja tu kabla ya mkutano wenu ujao. Tazameni ni kiti gani kimekaa kitupu kwa majuma matatu. Msimwite mwenye kiti hicho aje ajieleze. Nendeni wawili kwake, mkae naye, naye akiwa tayari, hesabuni pamoja naye: unga, mafuta, kuni. Nanyi mseme yenu.