Udongo Umeletwa na Nani?

Jumamosi moja, baada ya zamu ya usiku, mimi na mume wangu tulikwenda Windsor, kaskazini-magharibi ya Sydney, kutazama nyumba. Bei ilikuwa nafuu kuliko mtaani kwetu, na bustani yake ilishuka hadi karibu na mto Hawkesbury.

Niliinama nikachota udongo, kama bibi alivyonifundisha kwetu Utete, Rufiji. Ukingoni ni kichanga, kwa sababu mto ukifurika, mchanga mzito hutua kwanza. Mbele kidogo ni tifutifu, laini kama unga, pazuri kwa mahindi. Bondeni, maji yanakotuama siku nyingi, ni mfinyanzi: masika unanata, kiangazi unapasuka. Kwetu hapo tungepanda mpunga.

Udongo huu una historia. Wenyeji Wadharug, wanaouita mto huo Dyarubbin, walichimba viazi vikuu kingoni mwake. Mwaka 1794 walowezi Waingereza, waliochoshwa na ardhi hafifu ya Sydney, walianza kulima hapa, na muda si mrefu nafaka yake ikalisha koloni. Mafuriko nayo hayakukawia. Mwaka 1810 Gavana Macquarie alipanga miji mitano mahali pa juu, Windsor ikiwemo, ili mkulima alime chini na alale juu. Hata hivyo mwaka 1867 mto ulipanda zaidi ya mita 19 hapo Windsor. Mwaka 2021 na 2022 mafuriko yalirudi tena. Bonde ni pana, lakini mbele mto hupita katikati ya magenge membamba ya mawe, hivyo maji hukosa njia ya kutoka haraka.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamsifia ule udongo.

"Mwanangu, udongo huo umeletwa na nani?"

"Na mto, mama."

"Basi siku moja atarudi kuutazama."

Nilinyamaza. Rufiji wakulima hupanda mlau maji yakishapungua, na dungu la kulala hulijenga juu ya nguzo. Mimi nilitaka kulaza watoto chini.

Hatukuinunua. Tumepanga nyumba ndogo mlimani, na mboga tunazifuata bondeni. Nawe msomaji, kabla ya kulipa, iulize halmashauri ramani ya mafuriko, na uliza bima bei yake. Kisha chota udongo, uutazame vizuri.