Vidato Vitatu Njiani Kwenda Tobermory

Atokaye Toronto akielekea kaskazini-magharibi hupita kwanza katika mashamba ya mahindi na soya yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Kisha hufika Owen Sound, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa makimbilio ya watumwa waliotoroka kutoka Marekani. Baada ya hapo barabara namba 6 huingia katika rasi nyembamba ya Bruce, ziwa Huron likiwa mkono wa kushoto na ghuba ya Georgian mkono wa kulia. Mwisho wa rasi, na mwisho wa nchi kavu, ndipo ulipo mji mdogo wa Tobermory. Safari yote ni takriban kilomita 300. Maji ya huko ni matamu, lakini yana rangi ya samawati iliyo safi mno hata mtu wa pwani akiyatazama kwa mbali hudhani amefika Wasini, mpaka atie mguu.

Tuliifanya safari hii mwishoni mwa mwezi wa Juni, pamoja na aila ya shangazi yetu, mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye sasa anaishi Toronto kwa mwanawe. Umri wake ni miaka 78. Goti lake la kulia limeharibika, na jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Pamoja na hayo ni mtu wa safari tangu ujana wake, na yeye ndiye aliyetaka kwenda kuyaona maziwa makubwa kabla ya miguu, kwa maneno yake, kuomba ruhusa ya kustaafu.

Binamu yetu alikodi gari-nyumba. Watu wa Kanada na Marekani wana mapenzi makubwa na magari haya, na sehemu kubwa yake huundwa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na viunga vyake. Yapo ya namna nyingi. Mengine yana injini yake, na mengine ni matela yanayokokotwa. Letu lilikuwa tela refu ambalo kichwa chake hufungwa ndani ya sehemu ya mizigo ya pikapu, hivyo mbele yake hukaa juu ya mgongo wa gari linalolikokota. Ndani mna jiko, jokofu, sebule ndogo, na vitanda. Sheria ya Ontario haimruhusu mtu kukaa ndani ya tela likiwa mwendoni. Kwa hiyo njiani sote tulikuwa katika pikapu, na nyumba ikitufuata nyuma.

Umbo hili lina faida zake barabarani, lakini lina gharama moja ambayo haionekani katika picha za matangazo. Kwa kuwa mbele ya tela hupita juu ya pikapu, sakafu ya upande huo hulazimika kuinuka. Huko juu ndiko mafundi waliweka chumba cha kulala na choo. Sebule na jiko vimebaki chini. Kati ya hivyo viwili mna vidato vitatu.

Vidato vitatu ni nini? Kwa kijana si kitu. Tulivipima kwa futikamba. Cha kwanza kilikuwa na kimo cha sentimita 24, cha pili 20, cha tatu 20. Pa kukanyagia palikuwa na sentimita 21 tu, yaani hapatoshi unyayo wa mtu mzima. Vyote vilifunikwa zulia la rangi moja na sakafu, na ukutani hapakuwa na chuma wala ubao wa kushikia. Tukilinganisha, kanuni za ujenzi wa nyumba za watu nchini Kanada zinataka kimo cha kidato kisizidi milimita 200, pa kukanyagia pasipungue milimita 255, na vidato viwili vinavyofuatana visitofautiane kimo kwa zaidi ya milimita 5. Gari-nyumba halijengwi kwa kanuni za nyumba. Ni gari machoni pa sheria, na ni nyumba kwa anayelala ndani.

Huenda milimita 5 zikaonekana kuwa ni ukaidi wa wahandisi. Lakini mguu wa binadamu haupimi kila kidato upya. Ukishakanyaga cha kwanza na cha pili, hukariri kimo, na cha tatu huuendea kwa kumbukumbu. Kikiwa kirefu zaidi, kidole hugonga ukingo. Kikiwa kifupi, mguu hautui kwa wakati wake na mwili hutikisika. Kijana hujiwahi. Mwenye goti bovu hana pa kujiwahi.

Usiku wa kwanza haukuwa na kisa. Asubuhi mjukuu wake, msichana wa miaka 12 mwenye macho makali, alituambia kwamba kikombe cha chai cha bibi yake tangu alasiri ya jana hakikuguswa, na chupa ya maji imejaa vile vile. Tulimuuliza shangazi kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu," alitujibu. "Ila vidato vile vyanitisha. Nikinywa maji usiku nitaamka, na nikiamka nitashuka au nipande peke yangu gizani. Bora kiu."

Wasomaji wenye wazee majumbani wataielewa hesabu hii bila ya kufafanuliwa. Mzee anayetumia dawa ya shinikizo la damu, wakati wa joto, anajinyima maji mchana kutwa ili asiende chooni usiku. Tena usiku wa Juni katika nchi zile ni mfupi: jua huzama baada ya saa tatu usiku, Isha huingia karibu na saa tano, na Alfajiri haikawii. Kwa anayetaka kutawadha mara zote hizo, vidato vitatu vilikuwa safari nne katika muda wa saa chache. Shangazi alikwisha kukata shauri: arudishwe Toronto, na safari za namna hii zisimhusu tena. Alilisema bila ya hasira, na hilo ndilo lililotuuma.

Katika uwanja wa kuegesha, tela la jirani yetu lilikuwa la aina moja na letu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kikanada, seremala mstaafu, ambaye mkewe alipatwa na kiharusi miaka michache nyuma na anatembea kwa mkongojo. Binamu yetu alipomweleza tatizo, alicheka kidogo, akatukaribisha ndani. Tunakiri kwamba tumewahi kuingia katika majumba makubwa yaliyotupa faida ndogo kuliko lile tela.

Zulia alikuwa amelibandua. Alisema zulia laini huuficha ukingo na hulegea taratibu hadi siku moja likaondoka na mguu. Badala yake alibandika tepu yenye ukakasi kama msasa, na kwenye ukingo wa kila kidato akapitisha mstari mpana wa manjano. Mtu aliyevaa miwani yenye lenzi mbili, alieleza, akitazama chini huangalia kupitia ile sehemu ya kusomea, na kidato kilicho mbali humwia ukungu. Rangi inayotofautiana na sakafu ndiyo humwonyesha pa kuweka mguu. Chini ya kila ukingo palikuwa na taa ndogo ya betri inayowaka yenyewe mtu akisogea, mwanga wake wa manjano hafifu, usiomulika machoni.

Penye kazi kubwa zaidi ni vyuma vya kushikia. Alikuwa navyo viwili, kulia na kushoto, kimo cha sentimita 90 hivi, na vyote vimeanza kabla ya kidato cha kwanza na kuendelea kupita cha mwisho, ili mkono usiachwe hewani wakati mguu ungali kazini. Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Mahali pengi palitoa sauti ya debe tupu. Kuta za matela haya aghalabu ni ubao mwembamba uliobandikwa juu ya povu, na parafujo iliyotiwa humo hung'oka pamoja na ubao siku mtu anapoitegemea kwa uzito wake wote. Ni lazima kutafuta nguzo ya fremu iliyo nyuma ya ubao na kufunga hapo. Ama vile vishikizo vya kunyonya ukuta kwa mpira, vinavyouzwa madukani kwa bei nafuu, alisema huenda vikasaidia kumkumbusha mtu asimame wima, lakini asije akavikabidhi mwili wake.

Tela letu lilikuwa la kukodi, na si halali kutoboa mali ya mtu bila ya idhini yake. Binamu alimpigia simu mwenyewe, naye akaridhia kwa sharti kwamba chuma kitakachofungwa kibaki. Vifaa vilipatikana Owen Sound, mwendo wa zaidi ya saa moja kurudi nyuma. Seremala akatufungia chuma kimoja kwenye fremu ya kabati lililopakana na ngazi. Upande wa pili hapakuwa na mahali pagumu, akapaacha. Kile kidato cha sentimita 24 alikitatua kwa sanduku la mbao lenye kimo cha sentimita 12, lenye kina cha kutosha miguu miwili kusimama sambamba, akalifunga sakafuni lisiteleze. Sasa vilikuwa vinne, na havikulingana. Alilijua hilo, ndiyo sababu alisisitiza mstari wa manjano usikosekane hata kwenye kimoja.

Jambo lingine lilikuwa jepesi hata likatustaajabisha. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, na tela lilikuwa limelala kidogo upande wa kushoto. Kila kidato, kwa hiyo, kilikuwa kimeinama. Tuliweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya upande huo, tukayazuia yasibingirike, tukashusha miguu ya chuma ya pembe nne. Nyumba ikatulia. Hata mtikisiko wa mtu kutembea ndani ukapungua.

Tulibakiwa na viatu. Sisi huvua viatu mlangoni, na ndani hubaki na soksi, nazo juu ya sakafu ya plastiki ni mfano wa sabuni. Shangazi alinunuliwa viatu vya ndani vyenye soli ya mpira na kisigino kilichofungwa. Ndara zake alizozileta kutoka Mombasa alizikunja katika mkoba kwa masikitiko.

Mke wa seremala ndiye aliyemfundisha kupanda. Alifundishwa na watu wa tiba ya viungo: kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia, kushuka, mguu dhaifu hutangulia, ili wenye nguvu ubaki juu ukibeba uzito. Penye kidato cha wima sana, ni salama zaidi kushuka kinyumenyume, uso ukielekea ngazi, mikono yote miwili juu ya chuma. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha, lakini mafunzo yalikamilika. Tangu hapo shangazi ameupa mguu wake wa kulia jina la Mkorofi. Usiku ule tulimsikia akisema peke yake, "Mkorofi, tangulia," kisha mlio wa maji ya kutawadha. Chupa yake asubuhi ilikuwa tupu.

Siku ya tatu tulivuka kwa Chi-Cheemaun, feri inayofanya kazi katika maji yale tangu mwaka 1974, na jina lake katika lugha ya Kiojibwe lina maana ya mtumbwi mkubwa. Hutumia muda usiofika saa mbili hadi Manitoulin, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyomo ndani ya ziwa la maji matamu. Abiria huacha magari chini na kupanda juu. Shangazi alisimama chini ya ngazi za meli, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona vyuma pande zote mbili.

"Watu wa bahari wana akili," alisema, akampa mjukuu mkoba wake ili mikono yote miwili iwe huru.

Shangazi anatarajia kuja Mombasa mwezi wa Disemba, naye alitutuma jambo moja: tupime ngazi ya nyumba ya Kuze. Ngazi ile ni ya mawe na chokaa, imebanwa baina ya kuta mbili, haina dirisha, na ilijengwa na mafundi ambao hawakuwa na futikamba. Tuliipima wiki iliyopita. Ina vidato 14. Kifupi kabisa ni sentimita 19, na kirefu, cha tatu kutoka juu, ni sentimita 27. Fundi anakuja Jumamosi kuugonga ukuta, na taa tumekwisha kununua.